Jumbe Aliyetutawala kwa Masufuria

Nyie vijana wa nyumba hii na wa nyumba za jirani, mtakaolisoma daftari hili nikiwa nimeshalala chini au bado nimekaa barazani nawakemea, kaeni vizuri. Mimi sikwenda shule. Nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu Msahafu, na herufi hizi za kizungu nilijifunza ukubwani kwa kusoma karatasi za kufungia sukari. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya maandishi. Nina kosa jingine kubwa kuliko hayo, na ndilo ninalowaandikia.

Nawasikia mkibishana juu ya watawala wabaya. Huyu aliuteka mji kwa mizinga, yule kwa hila, yule kwa askari kanzu. Mnasema kana kwamba mtawala ni mvua, hutoka juu tu akatulowesha. Mwanangu, mimi nimeona mtaa mzima hapa Tanga ukitawaliwa na mtu asiye na bunduki wala askari, na katika waliomshikia mtaa huo nilikuwemo mimi.

Bibi yangu mzaa mama alimjua Mdachi, yaani Mjerumani. Kwao Bondei akida, mtumishi wa Mdachi, alikuwa akija na kiboko, na asiyetoka kwenda kulima barabara alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya wakwe zake. Bibi alikuwa na msemo wake: "Mdachi alitaka mgongo wako tu. Ukirudi nyumbani ukafunga mlango, unamtukana mpaka unashiba." Akisema hivyo hucheka mpaka meno yake mawili yaliyobaki yaonekane. Kwa kiboko kila mtu alijua nani adui, na aliyepigwa alikandwa maji ya moto na mtaa mzima.

Mwingereza nilimkuta mwenyewe. Huyu hakupiga sana. Alitutawala kwa karatasi na kwa watu wetu wenyewe. Alimvika mmoja joho, mwingine akampa kofia, kisha yeye akakaa mbali akinywa chai. Ukiwa na shida unakwenda kwa mwenye kofia, mwenye kofia anakwambia ni amri ya mwenye joho, mwenye joho anakwambia ni amri ya barua. Utakasirikia barua? Lakini hata huyo, mwanangu, hakuingia jikoni kwangu.

Aliyeingia jikoni alikuwa Bwana Mbaraka.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Minazi Mitatu, mtaa mdogo nyuma ya barabara iendayo Usagara. Bwana Mbaraka alikuwa msimamizi wa wapakizi bandarini, mtu mpole, kanzu yake safi, haongei kwa sauti. Mwarabu mmoja alipohama mji, Bwana Mbaraka alichukua kwake vyombo vyote vya shughuli: masufuria manane makubwa ya shaba, majamvi, taa za karabai, na jeneza la mninga lenye vishikio. Akaviweka ghalani kwake, akasema, "Mali ya mtaa hii. Mwenye shughuli aje achukue." Basi tukamwombea dua. Kabla ya hapo mtu akioza binti yake alikuwa akihangaika kuazima sufuria hapa na sahani pale, siku tatu mguu na njia.

Mwaka wa kwanza tulisema ahsante. Mwaka wa pili ikawa adabu, ukipanga siku ya harusi, umpe habari mapema. Mwaka wa tatu hakuna aliyetaja siku kabla ya kumuuliza. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe halisikii shoka. Serikali ilipotafuta mtu wa kuwa jumbe wa mtaa, ilimkuta ndiye anayesikilizwa. Haikumpa ukubwa, ilimkuta nao, ikamvika kofia.

Kisha ikaja Alhamisi. Alikuwa na shamba la minazi njia ya Pangani. Siku moja akasema, kwa upole wake ule, kuwa majani yamezidi, na ingekuwa vizuri wanawake wa mtaa wakimsaidia kupalilia Alhamisi moja. Tukaenda tunaimba. Alhamisi ya pili tukaenda. Ya kumi tukaenda hatuimbi. Hakuna aliyelazimishwa. Ila aliyekosa Alhamisi, siku yake ya shughuli ikifika, ufunguo wa ghala ulikuwa haujulikani ulipo.

Mimi nilikuwa na kazi yangu mtaani. Zamani hizo mwaliko hauandikwi. Mtu huenda mlango kwa mlango, anabisha hodi, anakaa mkekani, anasema: "Fulani anakusalimu, anakuomba siku fulani." Na msiba ni hivyo hivyo, mtu lazima ayapeleke majina ya wafu kwa walio hai. Kazi hiyo nilipewa mimi, Mwanaidi, kwa kuwa nilikuwa na miguu myepesi na ulimi wa adabu. Nyumba niliyoipita bila kuingia ilijiona imezikwa. Sikulifikiria hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na nilipenda kusikia watu wakisema, "Mwanaidi amefika, kuna jambo."

Sasa nikutajie somo yangu. Wasichana wa leo hamna masomo, mna simu. Sisi tulipovunja ungo tulitafutiwa mtu mzima wa kutufunda: unyumba, usafi, namna ya kukaa na watu. Wangu alikuwa Bi Mgeni, mwanamke mfupi, mweusi tititi, mkali kama pilipili mbuzi. Alinifunda pamoja na binti yake wa pekee, Mwanahawa. Tulikaa ndani pamoja, tukatolewa pamoja, tukachezewa ngoma pamoja. Somo ana haki juu yako kama mama, na wengine husema zaidi, maana mama hukuzaa hujijui, somo hukuzaa unaona.

Jumbe alipokaribia kupewa mitaa mingine mitatu aisimamie, Bwana Mkubwa wa Kizungu alikuja kuuliza kama watu wanamtaka. Tukakusanywa uwanjani, wanaume mbele, wanawake nyuma chini ya mabuibui. Karani akauliza, "Mmeridhika na jumbe wenu?" Wanaume wakaitika kwa sauti moja kama wanaitika amina, "Tumeridhika!"

Nyuma ikatoka sauti: "Mimi sijaridhika."

Watu wakageuka. Bi Mgeni alikuwa amesimama.

"Nani huyo?" karani akauliza.

"Mimi Mgeni binti Hatibu. Sufuria nalishukuru. Lakini mgongo wangu wa kila Alhamisi, mwandikie Bwana Mkubwa, haukuwa wa mtaa. Ni wangu."

Kuna waliocheka. Bwana Mbaraka mwenyewe alicheka, akasema, "Bi Mgeni ni dada yetu, ana haki ya kusema." Karani akamtafsiria Mzungu sijui nini, Mzungu akaitikia kwa kichwa, akapanda gari lake. Jumbe akapata mitaa yake.

Wala hakumfanya Bi Mgeni lolote. Sikiliza hilo vizuri. Hakumkemea, hakumshtaki. Wiki ile ile tu wanawake walianza kunyamaza akifika bombani. Mmoja akimwona anasogeza ndoo yake kama aliyekanyaga moto. Kwenye ngoma ukatungwa wimbo, na mtunzi hakujulikana:

*Mwenye ulimi wa panga, kuni akate mwenyewe,*
*Na siku ikimfika, ajibebe peke yake.*

Tukauimba. Nami niliuimba, nikijua ni nani, nikipiga makofi. Somo yangu alikuwa akinipita njiani, nikimwambia shikamoo haraka haraka, macho nimeyatupa kwenye duka la Muhindi kana kwamba kuna kitu nataka kununua. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanaidi, shingo yako ina jipu? Mbona haigeuki?" Nikacheka cheko la uongo, nikakimbia.

Iko siku sasa, nayo ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa kaskazi, joto la kuchemsha ubongo. Mdogo wangu Saumu alikuwa aolewe Ijumaa inayofuata, na baba yetu alikuwa ameshakwenda kwa Jumbe, ameahidiwa masufuria yote manane na karabai nne. Watu walialikwa mpaka Muheza. Asubuhi, nikiwa nachambua mchele, akaja kwangu mwanamke wa Kigombe, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akipita mitaani na tenga lake kichwani. Hakuuza. Alisimama mlangoni akasema, "Wewe ndiye Mwanaidi? Bi Mgeni ananituma. Mwanahawa ametutoka. Homa ya siku mbili. Anasema wewe ndiye unayejua milango."

Nililia. Msidhani sikulia. Nikajifunga kanga, nikatoka. Na Mungu shahidi, nia yangu ilikuwa kwenda mlango kwa mlango.

Jumbe alikuwa amekaa barazani kwake, nami lazima nipite pale. Nikamwamkia. Akaitika kwa huruma kabisa.

"Nimesikia," akasema. "Inna lillahi. Msichana mdogo vile."

"Nakwenda kuwapa watu habari, Bwana Jumbe."

Akatazama juu, akajipepea kwa kipepeo cha ukindu. "Jua kali leo, binti yangu. Na wewe una harusi ya mdogo wako, utaugua bure. Pumzika."

Basi. Hakusema neno jingine. Hakusema "usiende." Ningesema jua nalizoea, angefanya nini? Hata leo sijui. Nilisimama pale nikayaona masufuria manane, nikamwona Saumu na hina yake mikononi na wageni wamekaa mbele ya sinia tupu. Nikasema, "Ahsante, Bwana Jumbe." Nikarudi nyumbani. Mume wangu akanikuta nimekaa, akaniuliza mbona sijaenda. Nikamwambia jua kali. Naye akatazama chini, akasema, "Ni kweli, kali."

Somo yangu alingoja. Mtu akifiwa na binti anahitaji wanawake wa kuosha, wa kuchota maji, wa kushika pazia, wa kusoma. Alingoja mpaka adhuhuri ikapita. Hakuja mtu. Alimwosha mwanawe yeye na yule mchuuzi wa Kigombe, mtu baki, aliyeliweka tenga lake uani, samaki wakamwozea juani. Jeneza halikutoka, ufunguo haukujulikana ulipo. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba, kile kile tulichokaa wote wawili siku tulipotolewa ndani.

Nilikiona kikipita, kwa kuwa mlango wangu ulikuwa njiani. Nilikuwa nimeufunga, nikatazama kwenye ufa. Mbele alikuwa mwalimu wa msikiti, dini imemsukuma, macho yake kwenye vidole vya miguu. Kaburi lilichimbwa na manamba wawili, vibarua wa mashamba ya mkonge, waliokuwa wakingoja lori, wasiomjua hata jina. Kitanda kilibebwa na Muhindi mwenye duka na wanawe wawili. Hao ni watu watatu, na kitanda kina miguu minne. Mguu wa nne aliushika somo yangu.

Mwanamke kubeba maiti, Tanga ile, ilikuwa haijaonekana. Buibui lilimwanguka mabegani, hakuliinua. Alikuwa mfupi, kitanda kikalala upande wake, na kila hatua mbili yule mtoto mkubwa wa Muhindi alikuwa akiinama ili Mwanahawa asiteleze. Mtaa ulikuwa kimya. Ukitazama ungesema watu wote wamesafiri. Kumbe kila ufa wa mlango ulikuwa na jicho.

Alasiri, walipokwisha kuzika, ndipo nilipokwenda. Hodi yangu ilikuwa ya mwizi. Bi Mgeni amekaa sakafuni, miguu ina udongo.

"Shikamoo, somo."

Hakusema marahaba. Alinitazama mpaka nikataka ardhi inimeze.

"Umekuja kulia," akasema, "au umekuja kualika?"

Nikapiga magoti, nikaanza kusema jua, Jumbe, Saumu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Usinitajie Mbaraka. Mbaraka ni mtu mmoja, hawezi kusimama kwenye milango yote kwa siku moja. Mimi nimekufunda unyumba, Mwanaidi, nimekufunda kuoga na kupika na kunyamaza mbele ya wakwe. Kosa langu, sikukufunda kusema hapana. Nilidhani mtu huzaliwa nayo. Haya, nenda. Mchele wenu utaharibika."

Ijumaa harusi ikafanyika. Pilau ikapikwa kwa masufuria manane, ikaliwa, ikasifiwa. Sina la kusema juu ya pilau ile.

Bi Mgeni hakukaa mtaani mwezi. Alihamia Kigombe kwa yule mchuuzi, wakawa wanakaanga samaki pamoja. Nilikwenda kumtaka radhi mara tatu. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Mara ya tatu alisimama kizingitini, mikono ina unga, akasema: "Radhi nimekupa, maana sitaki tusimamishwe pamoja siku ya kiyama. Radhi nimekupa, Mwanaidi. Chai sikupi." Akafunga mlango. Hatukuonana tena hai. Msiba wake niliusikia siku ya tatu. Hakuna aliyekuja mlangoni kwangu na habari, na sikuwa na uso wa kuuliza kwa nini.

Mnataka kujua Jumbe alipatwa na nini? Hakupatwa na kitu. Vitabu vyenu vinawadanganya kuwa dhalimu hufa vibaya. Huyu alizeeka, akafa kitandani amezungukwa na wajukuu, na mji mzima ukamzika. Mpaka Lango la Pangani watu walijaa barabarani. Nami nilikuwemo.

Lakini miaka ilipopita, wanawake tulipokuwa wazee tusio na cha kuogopa, tulianza kusemezana. Ndipo nikajua. Bibi muosha maiti wa mtaa alisema: "Mimi Jumbe aliniambia, bibi, kiuno chako kinauma, usiiname leo." Mchimba kaburi alikuwa ameambiwa udongo una maji, angoje kidogo. Mtunza ufunguo wa ghala aliambiwa autafute taratibu. Kila mmoja alipewa neno lake dogo, tamu, lenye huruma. Na kila mmoja alidhani wengine wote wamekwenda, ni yeye peke yake aliyekosa. Muosha alisema aliniona nimefunga mlango akadhani nimekwishapita nyumba zote nimechoka. Nami nilidhani muosha yupo.

Ndivyo mji unavyoshikwa, mwanangu. Mwenye kiboko huupata mji kwa siku moja, lakini kila siku lazima aamke apige, akichoka umemponyoka. Mwenye karatasi hudumu zaidi, ila naye siku moja karatasi zake huchukuliwa na upepo. Mwenye fadhila ndiye mbaya wao, kwa kuwa mji hujishika wenyewe kwa ajili yake. Haji kuchukua kitu kwako. Huja kukupa, mpaka siku ambayo huwezi tena kuoa, kuzaa wala kuzika bila yeye. Kisha hakuombi uovu mkubwa. Anakuomba upumzike.

Wazee walisema mwenye nguvu mpishe, na watu wa mtaa wetu walilipenda neno hilo. Mpishe, sawa. Lakini nguvu zake alizitoa wapi? Ukitazama chini utaona amesimama juu ya mgongo wako.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitairudia kwa maneno matamu. Kitu cha watu wote kisikae ghalani kwa mtu mmoja, hata awe walii. Fadhila isiyokuwa na mwisho iulize bei yake mapema, ungali una uso wa kukataa. Mkisikia wimbo wa kumteta mtu na mtunzi hajulikani, msiuitikie. Anayesema "sijaridhika" uwanjani, simama karibu naye, hata kama humpendi, hata kama ana mdomo mchafu. Na ukitumwa jambo dogo linaloukwaruza moyo, usijiambie ni dogo. Mambo makubwa hayatumwi kwa mtu mmoja. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mungu awape shingo zinazogeuka. Awape ulimi mwepesi wa hapana na miguu mizito kukimbizwa na woga. Awape majirani wa kuwabeba, na awajaalie msiwe watu wa kutazama ufani. Amin.

Mwaka jana alikufa yule fundi cherehani wa kona, aliyegombana na wakubwa wa mtaa wa siku hizi. Asubuhi ile niliwaona nyumbani mwangu mnatazamana, mmoja anasema ana homa, mwingine anasema mvua itanyesha, mwingine amesikia eti haifai kuonekana pale. Nikatoka chumbani na fimbo yangu. Kwa wale ambao hawakuwepo, nilisema hivi, na ndiyo amri ya nyumba hii mpaka nyumba ianguke:

"Wanaume, chukueni majembe, kaburi lichimbwe na nyie. Wanawake, maji na mkeka. Mlango wa mbele uacheni wazi, watu waone hatumo. Na mtu asiniulize nani mwingine anakwenda."